Mpaka Maji Yatoke Meupe

Asubuhi niliyoondoka Barumbu sikumuaga mtu, kwa sababu mwenyewe sikujua ninakwenda wapi. Niliamka, nikaenda nyuma ya vibanda vya wavuvi, nikaona damu tena, nyingi kuliko ya mara iliyopita, na niliporudi sikuingia ndani hata kuchukua blanketi. Mtumbwi wa injini wa mama mmoja muuza samaki wa moshi ulikuwa unafunguliwa kamba. Nikauliza kama unapanda au unashuka. Akasema unapanda Kisangani. Nikasema, bon, na mimi ninapanda.

Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule. Mahali pakinibana, ninatoka. Nilikata mbao Isangi, nilisukuma mikokoteni bandarini, nilikaa kwa fundi redio msimu mzima kwa sababu tu nilitaka kujua sauti inaingilia wapi. Lakini safari hii kilichonibana kilikuwa tumboni, na nilipanda nacho mtumbwini.

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyeona damu na hujamwambia mtu. Mimi nilikaa nayo kimya tangu maji ya mto yalipopungua mpaka yalipojaa tena. Nilijifunza kuketi kwa upande mmoja. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda, halafu jingine. Nilipofika kwa watu, kabla ya kusalimia nilikuwa nimekwisha kuangalia njia ya kwenda chooni. Sikunyamaza kwa aibu peke yake. Papa, baba yangu, alianza hivyohivyo nilipokuwa mtoto kule Kindu: damu kwanza, halafu mwili ukamwisha, halafu tumbo likafunga na mwenyewe akafunga macho. Nyumbani walisema amelishwa kitu. Hakuna aliyemtazama ndani. Kwa hiyo mtumbwini nilikuwa na swali moja tu, nalo halikunitoka kichwani kwa miezi mingi: hii ni ile ya Papa?

Safari ya kupanda mto ni ndefu, na mimi niliomba wasimame ufukoni mara nyingi mpaka yule mama akawa ananitazama kabla sijafungua mdomo.

"Tena?"

"Tena, mama."

"We kijana, unakunywa mto yote ao nini?"

Abiria wakacheka. Lakini niliporudi mara ile, nikakuta amekunja gunia juu ya ubao wa kukalia, upande wangu tu. Yeye alikuwa anaendelea kupanga samaki wake. Nakwambia, unapoumwa sehemu usizoweza kuzitaja mbele ya watu, gunia lililokunjwa ni kitu kikubwa.

Kisangani nilikuwa na mtu mmoja wa damu yangu, Tantine Zaina, mdogo wake Papa, aliyeishi Mangobo na kuuza lituma, ndizi za kupondwa, na pondu, mboga ya majani ya muhogo, mbele ya nyumba yake. Alikuwa anaponda ndizi nilipotokea. Mchi ulibaki hewani.

"Saidi! Ni weye ao ni kivuli yako?"

"Ni mimi, Tantine."

"Nyama ya mwili umeacha kwa nani?"

Nilitaka kujibu kwa mzaha. Badala yake nikamwambia yote, palepale, kando ya kinu, na mteja mmoja amesimama na sahani yake. Tantine alimpa mteja chakula chake, akafuta mikono, akaketi chini.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu maji ilipunguka."

"Na unanyamaza. Sawa baba yako. Sawa yeye kabisa."

Kesho yake alinipeleka hospitali. Ilikuwa wakati wa citoyen na citoyenne, serikali ilipoamuru kila mtu aitwe mwananchi, na yule muuguzi wa mlangoni alituita hivyo sote, mzee na kijana, kwa sauti ya mtu anayegawa zamu ya maji. Tulikuwa na bahati, akasema. Profesa mmoja kutoka Kinshasa amekuja na mpira wa kutazama utumbo. Atakaa Kisangani siku chache, halafu atashuka Yangambi, halafu atapanda ndege. Baada ya hapo, mpira ule utarudi lini hakuna anayejua. Tantine aliposikia hivyo akanisukuma kwenye benchi kana kwamba benchi lenyewe lingeondoka.

Kuhusu benchi hilo ningeweza kuandika kitabu. Watu wote wa pale wanaumwa sehemu moja na hakuna anayetazamana na mwenzake. Unasoma ukuta. Unasikiliza mlango. Mtu akitoka, wote mnamchungulia usoni, kisha mnaangalia viatu vyenu. Aliyevunja ukimya ule alikuwa dereva wa lori mwenye mvi, aliyeketi karibu yangu na kofia mapajani. Alijiita Tonton Omari.

"Mara ya kwanza?"

"Njo, ya kwanza, Tonton."

"Basi mpira usiogope. Uogope njaa."

"Inaingia mpaka wapi?"

"Mimi ilinifika hapa." Akaonyesha koromeo, na benchi zima likacheka, hata mama mmoja aliyekuwa amejifunika uso kwa kitenge. "Apana, ninakuchezea. Inaenda pole pole. Inapinda sawa lori kwa barabara ya Buta, kila kona unaisikia. Lakini usifanye sawa mimi. Walisema nisikule. Nikakula madesu, maharagi kidogo tu, ya kushikilia roho. Profesa akaingiza taa yake, akakuta madesu inamuangalia."

"Akasema nini?"

"Akasema, Citoyen, sikukuja Kisangani kutembelea shamba. Akanirudisha. Leo ni mara ya pili."

Wakamwita. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili, na hakuwa na mzaha tena. Akaniambia tu, "Mimi ni wa kupelekwa Kinshasa, kwa kisu. Nilikawia." Akanigusa bega, akaenda. Habari zake sikuzipata tena. Ninamtaja hapa kwa sababu alinichekesha siku ambayo sikudhani ningecheka, na kwa sababu ya neno lake la mwisho.

Profesa alikuwa mtu mfupi, mwenye abacost ya kijivu, ile suti isiyo na tai, chini ya koti jeupe, anayesema polepole. Hakunishika kwanza. Alinieleza. Nitakueleza na wewe kama alivyonieleza, maana nusu ya hofu yangu ilitokana na kutojua. Utumbo lazima uwe mtupu, kama chungu kilichosuguliwa, la sivyo yeye ataona uchafu tu. Kwa hiyo tangu kesho, chakula chochote kigumu hapana. Pondu hapana, madesu hapana, mapera na nyanya na kitu chochote chenye mbegu hapana. Chai bila maziwa, supu iliyochujwa, maji ya sukari, hayo kadiri ninavyoweza. Siku moja kabla ya kutazamwa, mafuta ya mbarika. Baadaye lavement, yaani kuingiziwa kwa nyuma maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo, mara nyingi.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka maji yatoke meupe. Uweze kuona vidole vyako chini ya beseni la kioo."

Tantine, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakunjua uso kwa mara ya kwanza tangu nilipofika. "Lavement? Ni ile tu? Profesa, usichoke kueleza. Ile njo kazi yangu."

Na kweli ilikuwa kazi yake. Kwa wasiotoka kwetu nieleze kidogo: kwetu mtoto akiumwa tumbo, akipata homa, akilia bila sababu, mama anachukua poire, kile kimpira chekundu chenye mdomo mwembamba, anaingiza dawa kwa nyuma. Tantine alilea watoto saba kwa poire ile. Majirani walimletea watoto wao. Aliitundika kwenye msumari ukutani, mahali ambapo wengine hutundika picha.

Njaa yenyewe haikuwa kitu. Nilikwisha kulala na njaa mara nyingi safarini. Kilichonitesa ni kwamba nyumba ile ilikuwa ya chakula. Harufu ya mafuta ya mawese iliingia tangu asubuhi, watoto wa Tantine walikula mbele yangu, na kila mpita njia aliniuliza kama nimegombana na shangazi yangu. Mafuta ya mbarika ni mazito na yanagoma kooni. Yameze kwa mkupuo, ufuatishe limau. Halafu usiende mbali. Sitasema zaidi. Nilikaa kule nyuma ya nyumba mpaka nikazijua nyufa zote za ukuta.

Alasiri Tantine akaja na poire na kikombe. Maji yale yalikuwa na rangi ya matofali.

"Tantine, profesa alisema maji na chumvi."

"Nimetia chumvi."

"Na hii nyekundu?"

"Pilipili kidogo. Tangausi kidogo. Ganda ya muti. Maji ya bure inasafisha nini, Saidi? Wewe unafua nguo bila sabuni? Lala."

Nilikuwa mtu mzima, nimezunguka jimbo zima, lakini nililala. Sikujua kama kuna tofauti. Nilifikiri: kama maji yanasafisha, pilipili inasafisha zaidi. Moto ulioingia siwezi kuueleza. Niliuma kona ya mkeka. Tantine alikuwa ananishika mgongo na kusema, "Vumilia, baba, inatoka, inatoka." Akarudia. Akarudia tena. Mwishoni maji yalitoka bila uchafu, lakini yalikuwa ya waridi.

Kwenye meza ya hospitali unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyavuta kifuani kama mtoto aliyesikia baridi. Ukuta wangu ulikuwa na rangi ya kijani mpaka nusu, halafu nyeupe. Niliuangalia mstari ule. Nilisikia mafuta baridi, halafu kidole, halafu mpira. Niliruka.

Profesa akasimama. Sikumwona, nilisikia tu kwamba amesimama.

"Umeweka nini humu?"

Muuguzi akasema kwa sauti ya chini, "Itakuwa pilipili, Profesa."

"Na tangausi," nikasema nikiangalia ukuta. "Na ganda ya muti."

Aliusukuma mpira kidogo tena, taratibu, kisha akauondoa. Akaja upande wa uso wangu, akachuchumaa ili tuonane.

"Citoyen, mimi ninatafuta mahali pamoja panapotoka damu. Wewe umeniletea nyumba nzima inayotoka damu. Kila nikigusa, inavuja. Nikienda mbele nitaitoboa, na nikiitoboa hapa, utakufa hapa."

"Ni ile ya baba yangu?" nikauliza.

"Sijui. Ndiyo maana nimekasirika. Sijui." Akavua glavu. "Yangambi nitakaa siku chache tu. Tumbo lipumzike, ule laini, usiingize kitu chochote. Halafu anza upya, unifuate kule. Nikiondoka Yangambi ninapanda ndege, na sitakuwa na jibu la kukupa."

Tantine alikuwa akingoja ukumbini. Muuguzi alimwambia kabla yangu, tena mbele za watu. Tulitembea kwa miguu mpaka Mangobo, yeye mbele, mimi nyuma nikichechemea, na hakugeuka hata mara moja. Kufika nyumbani akachukua mchi akaanza kuponda kinu kilichokuwa hakina ndizi.

"Ni mimi nilimuumiza," akasema. Alikiambia kinu. "Njo wanasema. Zaina njo anaua mutoto ya kaka yake."

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Nyamaza! Unajua kitu gani weye? Kaka yangu, niliona akiisha. Wazee walisema, mumupatie pilipili, itoe ile sumu. Nikabeba poire, nikaenda. Akalia. Akasema inachoma, leki yangu, mudogo wangu, niache. Mimi nikamwacha." Mchi ulisimama. "Nilimwacha, Saidi. Akakufa. Sasa weye nikuache pia?"

Mimi na yeye tulikuwa na swali lilelile, ila yeye alikuwa amekwisha kulijibu miaka mingi kabla, na akawa anaishi na jibu hilo peke yake.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na baridi. Tantine alinipikia uji mwepesi, akauweka chini, akaondoka. Mume wake, mtu mpole asiyependa kelele, alinishauri nirudi Kindu kwa wazee. Jumamosi, watu walipotoka na makoleo kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, nilitoka nao, kisha nikakata kona mpaka kwenye maegesho ya malori. Kulikuwa na lori la kwenda Buta, injini inawaka. Utingo, yule kijana turnboy, alikuwa ananipa mkono nipande juu ya magunia. Nilikwisha kuinua mguu.

Kilichonirudisha hakikuwa ujasiri, usije ukafikiri hivyo. Nilitaka kujua. Kama vile nilivyotaka kujua sauti inaingilia wapi redioni, nilitaka kujua kuna nini mle ndani, na juu ya magunia ya Buta hakuna mtu ambaye angeniambia.

Niliporudi nikasema, "Tantine, ninashuka Yangambi."

"Ninajua," akasema. Alikuwa amekwisha kufunga sufuria ndani ya kitenge. "Nani atakuchemshia maji?"

Tulishuka na mtumbwi wa wafanyabiashara wa Yanonge, watu wa mto, wenye kelele na vicheko. Nilikuwa nimeanza tena chai na maji ya sukari. Mto ulikuwa umejaa, magugu yanaelea, na mimi nilihesabu tu vijiji kwa moshi wake. Sufuria ilikuwa mapajani mwa Tantine na poire ilikuwa ndani ya sufuria. Niliiangalia njia nzima kama mtu anavyoangalia nyoka aliyefungwa kwenye kikapu.

Yangambi, hospitalini, walitupa kitanda kwenye chumba chenye wagonjwa wengine wawili, na nyuma yake jiko la wasindikizaji. Nikanywa mafuta ya mbarika. Jua lilipoanza kuinama, Tantine akachemsha maji, akayapoza, akatia chumvi kwa ncha za vidole. Akaleta sufuria yote kitandani, pamoja na kikombe. Nilianza kujikaza kabla hajanigusa, naye akaona.

Unajua kwetu mtu akikukaribisha kinywaji anaonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo akupe, ili roho yako itulie. Tantine alichota maji yale ya lavement kwenye kikombe. Akanitazama. Akanywa. Akageuza kikombe juu chini kunionyesha kwamba kimekwisha.

"Maji ya bure," akasema. "Hakuna kitu. Lala."

Yule mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Ee mama, ile kitu inaingia kwa mlango ingine, weye unakunywa?" Chumba kizima kikacheka, na Tantine akacheka hata akashika mbavu, na mimi, nimelala kwa ubavu, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Yalikuwa si ya kicheko peke yake.

Tulifanya hivyo jioni, na tena alfajiri. Kila mara alionja. Kila mara aliinua beseni kwenye mwanga wa dirisha. "Bado." Tena. "Bado, iko sawa chai." Tena. Midomo ilikuwa imekauka, na nilifikiri hakuna tena kitu ndani yangu cha kutoka ila mimi mwenyewe. Mwisho aliweka mkono wake chini ya beseni la kioo walilotuazima, akatazama kutoka juu.

"Ninaona vidole."

"Vyote?"

"Na kucha. Amka."

Profesa alilitazama beseni mwenyewe kabla ya kuniruhusu kupanda mezani. Alimtazama pia Tantine, akamwitikia kwa kichwa. Akaniambia kwamba usafi huu si wa macho yake tu: akikuta kitu cha kukata, atakikata kwa waya wa moto, na utumbo mchafu una hewa inayoweza kuwaka. Wakawasha jenereta. Tulingoja sauti yake itulie. Wakanichoma sindano ya kulegeza mwili, lakini nilibaki macho.

Nikwambie kinachofuata, maana ndicho ulichotaka kujua. Kuingia kwenyewe ni aibu kuliko maumivu. Halafu wanapuliza hewa, na tumbo linajaa kama mpira wa miguu; utahisi lazima uende chooni sasa hivi, na huna kitu. Hewa ikitoka usiombe radhi. Kwenye kona inauma, maumivu ya kubana, yanapanda, yanakaa, yanashuka. Pumua kwa mdomo. Muuguzi alinikandamiza tumbo kwa kiganja, na kiganja kile kilisaidia kuliko sindano. Profesa alisema "kona" kila alipofika kwenye kona, na nilimkumbuka Tonton Omari na lori lake.

Halafu akanyamaza.

Kimya kile ndicho kipande kirefu kuliko vyote. Nilisikia jenereta. Nilisikia Tantine akivuta subha yake mlangoni, punje kwa punje. Nikasema, "Profesa, umeona nini?"

"Unataka kuona?"

Sikutegemea swali hilo. Nikasema ndiyo kabla sijaogopa. Akaushikilia mpira kwa mkono mmoja, akakipindisha kile kichwa cheusi cha kutazamia, muuguzi akaninyanyua kidogo, na nikaweka jicho.

Palikuwa pazuri. Sijui neno jingine. Pango la waridi, lenye unyevu, lenye mikunjo kama ndani ya shavu, na mishipa myembamba kama mito inavyoonekana kwenye ramani iliyokuwa ukutani mwa shule yangu. Na katikati ya njia, kwenye shina lake, kimesimama kitu chekundu, kama kiuyoga. Kilikuwa kinatikisika kidogo. Kilikuwa kinavuja.

"Ni hicho?"

"Ni hicho."

"Ni cha baba yangu?"

"Huenda cha baba yako kilianza hivi. Hiki nimekikuta bado kina shina. Lala sasa, usitikisike."

Sikusikia uchungu waya ulipokata, ndani mle hapana uchungu wa aina hiyo. Nilisikia harufu tu, kidogo, ya kitu kilichoungua. Muuguzi alinionyesha kiuyoga kwenye kichupa, hakikuzidi ncha ya kidole gumba. Kingepelekwa Kinshasa, kikatwe vipande, kitazamwe. Jibu lingekuja Kisangani.

Kungoja jibu ni ugonjwa mwingine, na kwa huo hakuna lavement. Nilirudi Mangobo. Damu ilikoma, nikapata nguvu, nikarudi kwenye tundu la zamani la mkanda, lakini kila asubuhi niliamka na swali lilelile. Mvua zikapungua. Mbinzo, wale viwavi wa kuliwa, wakaanza kuanguka kutoka mitini na wanawake wakawauza kwa makopo kando ya barabara. Tantine sasa alikuwa ananilinda kama mali ya wizi. Alihesabu matonge yangu. Nikikawia chooni, alikohoa nje ya mlango.

"Saidi? Iko ya rangi gani?"

"Tantine, majirani!"

"Majirani walishajua. Rangi gani?"

Jibu lilikuja kwa phonie, ile redio ya sauti ya hospitali. Muuguzi aliniita chumbani, Tantine nyuma yangu, na sauti ya mtu wa Kinshasa ikaja na kwenda katikati ya mikwaruzo. Tulisikia jina langu. Tukasikia "si kansa," halafu mkwaruzo mrefu, halafu "bado." Muuguzi akamwomba arudie. Akarudia: si kansa, kilikuwa hakijageuka, kingeachwa, kingegeuka. Profesa anarudi mwakani, na mtu huyu atazamwe tena, kwa sababu wanaootesha kimoja huotesha vingine. Na mwaka unaofuata tena.

Tantine aliketi sakafuni mwa ofisi ya watu, akavua kitambaa cha kichwa akajifunika nacho uso. Mimi nilisimama tu. Nilimfikiria Papa, kwamba hakuna aliyemlisha kitu, na kwamba hata pilipili ile isingemwokoa. Nilimwambia Tantine hivyo njiani. Alipunguza mwendo tukawa tunatembea sambamba.

Kubaki kwake nisingeweza. Ningekuwa na miaka hamsini bado ananiuliza rangi. Lakini kwenda Buta pia nisingeweza tena. Kwa hiyo tukavuka mto wote wawili kwa mtumbwi mpaka Lubunga, ng'ambo, ambako nilikuwa sijawahi kulala hata siku moja. Tulitembea tukiuliza. Mwishoni tukaonyeshwa nyumba ya mjane mmoja wa watu wa Isangi, anayeuza mikate, mwenye chumba kimoja cha pembeni chenye mlango wake. Tantine aliingia kwanza, akagonga kuta, akatazama juu kama paa linavuja.

"Ni nani anakaa, ni weye ao ni kijana?" mjane akauliza.

"Ni mutoto yangu."

Mjane akanipima kwa macho kuanzia viatu. "Mimi sipendi batu ya kupita. Wanakuja, wanalala, kesho mutumbwi umewabeba. Utakaa siku ngapi?"

Tantine alinigeukia. Alikuwa na hamu ya kusikia kuliko yule mjane.

"Mwaka," nikasema. "Halafu daktari ananitazama. Halafu mwaka mwingine."

"Daktari? Kumbe uko mugonjwa?"

"Nilikuwa."

Mjane akautoa ufunguo mfukoni mwa aproni yenye unga, akampa Tantine, na Tantine akanipa mimi.